George Washington Carver: Mtoto wa mtumwa aliyeponya udongo uliochoshwa na pamba

Na Mwandishi Wetu, Gahanga, Kigali

MFANYABIASHARA anayevusha karanga, maharage, mafuta ya kula au mashudu ya pamba kutoka nchi moja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kwenda nyingine huwaza foleni ya forodha, bei ya dizeli na thamani ya fedha. Ni mara chache anawaza udongo. Lakini mizigo mingi inayopita hapa Gahanga, kwenye barabara ya kuelekea Bugesera na mpaka wa Nemba, imeanzia kwenye udongo. Udongo ukiugua, gunia linapungua kilo, bei inapanda na safari inakosa faida.

Miaka zaidi ya 100 iliyopita, katika jimbo la Alabama, Marekani, kulikuwa na mtu aliyelielewa jambo hili kuliko wengi wa zama zake. Jina lake George Washington Carver. Wengi wanamjua kama mtu wa karanga. Wachache wanajua kwamba kabla ya karanga alikuwa mtaalamu wa magonjwa ya mimea yanayoletwa na fangasi, na kwamba kazi yake kubwa ilikuwa kuwaokoa wakulima waliokuwa wamefungwa na zao moja: pamba.

Kuzaliwa utumwani

Carver alizaliwa karibu na mji mdogo wa Diamond, jimbo la Missouri, mnamo mwaka 1864 hivi. Tarehe kamili haijulikani, kwa kuwa kuzaliwa kwa mtoto wa mtumwa hakukuandikwa. Mama yake, Mary, alikuwa mali ya mkulima mzungu aliyeitwa Moses Carver. George akiwa bado mchanga, wavamizi waliwateka yeye na mama yake. Moses Carver alimtuma mtu kuwafuatilia, na mtoto akarudishwa. Mama hakuonekana tena.

Utumwa ulipokomeshwa, Moses na mkewe Susan walimlea George pamoja na kaka yake Jim. George alikuwa mtoto dhaifu wa mwili, hivyo hakupelekwa kwenye kazi nzito za shamba. Alibaki karibu na nyumba akijifunza kupika, kufua na kutunza bustani. Alipenda kuzunguka msituni kutazama mimea, na majirani wakaanza kumletea maua na miche iliyougua. Tangu utotoni wakamwita daktari wa mimea.

Shule ya karibu haikupokea watoto weusi. Alilazimika kutembea hadi mji wa Neosho, ambako familia ya Andrew na Mariah Watkins ilimpa mahali pa kulala. Kutoka hapo alihamahama katika jimbo la Kansas, akisoma hapa na pale na kujilipia kwa kufua nguo za watu. Mwaka 1879, akiwa mji wa Fort Scott, alishuhudia kundi la wazungu likimuua mtu mweusi hadharani. Aliondoka mji ule mara moja.

Miaka michache baadaye chuo kimoja cha Kansas kilimkubali kwa barua. Alipofika mlangoni na wenye chuo wakaona rangi yake, wakamrudisha. Alijaribu kulima kwenye nyika kavu ya magharibi ya Kansas, akakutana na ukame, na mwisho akaenda jimbo la Iowa. Mwaka 1890 aliingia Chuo cha Simpson kusomea uchoraji na muziki. Ni mwalimu wake wa uchoraji, Etta Budd, aliyeona jinsi kijana huyu alivyoijua mimea, akamshauri aende chuo cha kilimo cha Iowa mjini Ames. Carver alijiunga mwaka 1891, akiwa mwanafunzi wa kwanza mweusi chuoni hapo.

Mtaalamu wa fangasi

Ames ndiko alikokutana na profesa Louis Pammel, mtaalamu wa mimea na fangasi. Carver alipata shahada ya kwanza mwaka 1894 na ya pili mwaka 1896. Katika miaka hiyo alikusanya vielelezo vingi vya fangasi wanaoshambulia mazao. Alikuwa na jicho la kuona doa dogo kwenye jani ambalo wengine walilipita. Baadhi ya fangasi aliowapata walipewa jina lake. Mmoja wao, Taphrina carveri, bado anaandikwa hivyo vitabuni. Mwaka 1935, akiwa mzee, Wizara ya Kilimo ya Marekani ilimpa nafasi ya mshiriki katika uchunguzi wake wa magonjwa ya mimea.

Hapa ndipo habari ya pamba inapoingia. Mwaka 1892, miaka minne kabla ya Carver kufika Alabama, mtaalamu George Atkinson alieleza ugonjwa wa mnyauko wa pamba katika jimbo hilohilo na kumtaja fangasi anayeusababisha. Leo tunamwita Fusarium, na wataalamu wa kilimo wa kwetu wanauita ugonjwa huo mnyauko fuzari.

Fangasi huyu anaishi ardhini. Anaingia kwa mizizi, anapanda ndani ya mishipa inayopitisha maji, kisha anaiziba. Majani yanageuka njano kuanzia pembeni, mmea unanyauka hata kama ardhi ina unyevu, na ukipasua shina unaona rangi ya kahawia ndani. Mbaya zaidi, fangasi anaweza kukaa udongoni miaka mingi akisubiri pamba irudi. Husafiri kwa maji, kwa matope kwenye jembe na kwa mbegu. Minyoo fundo, ambayo ni midogo sana na hutoboa mizizi, humfungulia mlango.

Mkulima anayepanda pamba juu ya pamba kila mwaka humlisha adui huyo huku akiumaliza udongo rutuba yake. Hivyo ndivyo mashamba ya kusini mwa Marekani yalivyokuwa.

Tuskegee

Mwaka 1896 Booker T. Washington, mkuu wa taasisi ya Tuskegee huko Alabama, alimwita Carver aje kuongoza idara ya kilimo. Carver angeweza kubaki Iowa, kwenye maabara nzuri na walimu waliompenda. Akaenda Tuskegee. Alikuta idara haina maabara. Yeye na wanafunzi wake walipita kwenye majalala wakiokota chupa, mitungi na vipande vya chuma, wakavigeuza kuwa vifaa vya kazi.

Nje ya lango la taasisi hali ilikuwa mbaya zaidi. Familia nyingi za watu weusi zililima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno. Mwenye shamba na mwenye duka walitoa mbegu na chakula kwa mkopo, na dhamana iliyokubalika ilikuwa pamba. Mkulima alipanda pamba hadi kizingiti cha mlango. Akivuna kidogo, deni linabaki. Deni likibaki, mwakani anapanda pamba tena kwenye udongo uleule uliochoka.

Carver alielewa kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kununua mbolea ya kiwandani. Dawa ilibidi iwe ya bure au karibu na bure. Alipewa kipande cha ardhi iliyochoka akafanya majaribio. Aliokota majani yaliyooza msituni, matope meusi ya kinamasi na samadi, akavichanganya kuwa mboji. Alipanda kunde, kisha viazi vitamu, kisha pamba. Mwaka 1905 alitoa kijitabu cha kueleza jinsi ya kujenga upya udongo uliochoka. Alichanganya pia aina za pamba ili apate zenye kuzaa vizuri zaidi.

Bakteria walio rafiki

Siri ya kunde na karanga ilikuwa mpya wakati huo. Mwaka 1886 Mjerumani Hermann Hellriegel alionyesha kwamba mimea ya jamii ya mikunde hupata naitrojeni kutoka hewani kwa msaada wa viumbe wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi. Mwaka 1888 Mholanzi Martinus Beijerinck aliwatenga viumbe hao: ni bakteria. Carver alikuwa katika kizazi cha kwanza cha wataalamu waliofundishwa jambo hili chuoni, na alilitoa chuoni akalipeleka kwa watu wasiojua kusoma.

Ni vizuri kueleza tofauti ili tusimpe Carver sifa isiyo yake. Bakteria wa vinundu kazi yao kubwa ni kulisha mmea. Wapo bakteria wengine wa udongo, kama Bacillus subtilis na Pseudomonas fluorescens, ambao huulinda mmea. Hujaza nafasi kuzunguka mzizi kabla fangasi hajafika. Hunyakua madini ya chuma ambayo fangasi anayahitaji. Hutoa kemikali zinazomdhoofisha, na tena huamsha kinga ya mmea wenyewe. Katika miaka ya 1990, mbegu za pamba na karanga nchini Marekani zilianza kupakwa Bacillus subtilis kabla ya kupandwa, ili kukinga mizizi dhidi ya Fusarium na fangasi wengine. Carver hakuwahi kuwa na bidhaa ya namna hiyo.

Alichofanya ni kuandaa nyumba ambayo bakteria hao hustawi. Udongo wenye mboji nyingi una viumbe wengi wanaoshindana, na fangasi mharibifu hupata taabu kutawala peke yake. Kubadilisha mazao humnyima pamba anayoitafuta. Karanga zina faida ya ziada: minyoo fundo inayoshambulia pamba haizaliani kwenye mizizi yake, hivyo msimu wa karanga hupunguza minyoo na kumfungia fangasi mlango. Kwa kunde inabidi kuchagua, kwa sababu baadhi ya aina zake hushambuliwa na minyoo hiyohiyo na zina mnyauko wake pia.

Mwaka 1906 Carver alianzisha gari la kukokotwa na farasi lililobeba majembe, mbegu na vifaa vya maonyesho. Lilipewa jina la tajiri Morris Jesup aliyetoa fedha. Gari lilikwenda vijijini, likawafuata wakulima walipo. Mhitimu wa Tuskegee, Thomas Campbell, alilisimamia na kuwa mmoja wa mabwana shamba wa mwanzo kabisa wa serikali ya Marekani. Carver mwenyewe alitoa vijitabu 44, vingi vikiwa vya maneno mepesi, vyenye maelekezo ya kulima upande mmoja na mapishi upande mwingine.

Fukusi, karanga na ushuru

Wakulima wengi hawakumsikiliza hadi adui mwingine alipokuja. Fukusi wa pamba, mdudu aliyetoka Mexico, alifika Alabama mnamo mwaka 1910 na kula vitumba vya pamba. Wenye benki walioikubali pamba tu kama dhamana wakaona hasara. Karanga, ambazo Carver alikuwa akizihubiri, zikawa kimbilio. Katika mji wa Enterprise, Alabama, watu walijenga mnara wa kumkumbuka fukusi huyo mwaka 1919, kwa kuwa ndiye aliyewalazimisha kuacha kutegemea zao moja.

Lakini karanga zilipokuwa nyingi, zilihitaji soko. Carver alikuwa ameliona hilo. Mwaka 1916 alitoa kijitabu cha kulima karanga chenye njia 105 za kuziandaa kwa chakula. Alitafuta matumizi mamia: maziwa, mafuta, rangi, vyakula vya mifugo. Hakugundua siagi ya karanga, ingawa wengi wanasema hivyo, na bidhaa zake chache sana ziliingia viwandani. Faida ilikuwa kumfanya mkulima na mnunuzi waione karanga kama mali.

Januari 1921 wazalishaji wa karanga walimpeleka Washington kwenye kamati ya Bunge iliyosikiliza hoja za ushuru. Karanga za bei nafuu kutoka Asia zilikuwa zinaingia, na wakulima walitaka kodi ya kuwalinda. Carver alipewa dakika 10. Baadhi ya wabunge walimdhihaki. Alifungua sanduku lake, akatoa bidhaa moja baada ya nyingine, na kamati ikamwongezea muda hadi akamaliza. Sheria ya ushuru ya mwaka 1922 iliwapa wakulima wa karanga ulinzi waliouomba.

Mfanyabiashara wa Rusumo, Gatuna au Busia anaijua hoja hii. Umoja wa Forodha wa Jumuiya yetu ulianza mwaka 2005, na tangu Julai 2022 baadhi ya bidhaa kutoka nje ya Jumuiya, zikiwemo za pamba na mafuta ya kula, hutozwa ushuru wa asilimia 35. Kusudi ni kumlinda mzalishaji wa ndani. Lakini ushuru hauwezi kulinda shamba lililokufa. Carver alianza na udongo, ndipo miaka 25 baadaye akaenda Bungeni kuzungumzia ushuru.

Pamba ya Tuskegee na pamba ya kwetu

Jina la Tuskegee lilifika Afrika mapema. Mwishoni mwa mwaka 1900, Carver akiwa hapo, kikundi cha watu wa Tuskegee kiliondoka kwenda Togo, koloni la Wajerumani, kufundisha kilimo cha pamba. Wajerumani walitaka pamba pia katika koloni lao la mashariki, ambalo leo ni Tanzania bara, Rwanda na Burundi. Huko kusini mwa Tanganyika walitumia nguvu. Julai 1905 Wamatumbi waling'oa miche ya pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Ni mwaka uleule Carver alipochapisha kijitabu chake cha udongo uliochoka. Pamba ileile, ikilimwa kwa shuruti, ilileta njaa na vifo pande zote mbili za bahari.

Mnyauko nao ulikuja. Mwaka 1954 mnyauko fuzari ulithibitishwa katika eneo la Ziwa, Tanganyika, kwenye pamba ya Wasukuma. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kilijibu kwa kuzalisha mbegu zenye kustahimili, zile zinazoanza na herufi UK, na UK91 ikaenea kwa miaka mingi. Mbegu inayostahimili ndiyo kinga ya kwanza, lakini ikipandwa mfululizo kwenye udongo usio na mboji, hubeba mzigo peke yake.

Bakteria wa vinundu sasa wanauzwa kwenye pakiti katika kanda yetu. Chuo Kikuu cha Nairobi kimetengeneza unga wa bakteria wa kuchanganya na mbegu za mikunde, Makerere inao wake, na hapa Rwanda kazi hiyo imefanyika Rubona, wilaya ya Huye. Pakiti hizo zina viumbe hai. Zikikaa kwenye jua au ndani ya gari lenye joto, hufa, na mkulima anakuwa amenunua vumbi. Anayezivusha mpakani akiwa hajui hilo huuza jina bila dawa.

Mwisho wa safari

Carver aliishi maisha ya mtu mmoja, bila mke wala watoto, katika chumba cha taasisi. Alivaa koti kuukuu lenye ua kifuani. Heshima alizipata, ikiwemo nishani ya Spingarn mwaka 1923, lakini katika jimbo la Alabama bado hakuruhusiwa kula katika mkahawa wa wazungu. Alikataa nyongeza za mshahara, na mwaka 1940 alitoa akiba yake, zaidi ya dola 30,000, kuanzisha mfuko wa utafiti wenye jina lake. Alifariki Januari 5, 1943 baada ya kuanguka kwenye ngazi, akazikwa Tuskegee kando ya kaburi la Booker T. Washington. Mwaka huohuo Rais Roosevelt alitia saini sheria ya kuifanya sehemu alikozaliwa kuwa kumbukumbu ya taifa, ya kwanza kwa Mmarekani mweusi.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani, maisha haya yana mambo matatu ya kushika. La kwanza, mbegu si sawa na nafaka ya kula. Fangasi wa mnyauko husafiri ndani ya mbegu za pamba, na gunia moja lisilokaguliwa linaweza kuambukiza shamba ambalo halitapona kwa miaka mingi. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya humpa nafuu ya karatasi mwenye mzigo usiozidi dola 2,000, lakini haumwondolei wajibu wa cheti cha afya ya mimea. Usikwepe ofisi ile.

La pili, anayenunua zao moja tu kutoka kwa mkulima humsukuma alime hilohilo kila msimu. Mwenye duka wa Alabama alifanya hivyo na akafilisika pamoja na wadeni wake. Ukinunua pamba msimu huu na karanga au maharage msimu ujao kwa bei ya haki, unampa mkulima sababu ya kubadilisha mazao, na udongo unaokulisha wewe na yeye unapata nafasi ya kupumzika.

La tatu, uliza mzigo umetoka shamba gani na mwaka jana shamba hilo lilipandwa nini.